Breki Isiyogusa: Sumaku Katika Tanuri la Fuwele

Ndugu msomaji, iwapo nyumbani kwako kuna jokofu na kuna watoto, bila shaka umekwisha kuliona jambo hili. Mama huchemsha ukwaju, hutia sukari, huumimina katika vikombe na kuviweka mahali pa kugandishia. Kesho yake mtoto hupewa kikombe chake, huanza kufyonza kwa furaha, na baada ya muda mfupi hurudi akilalamika. Utamu umekwisha, kilichobaki ni barafu tupu isiyokuwa na ladha.

Mtoto hakudanganywa. Kikombe kilikuwa na sukari ya kutosha, ila sukari haikukaa mahali pamoja. Ukikata kipande cha barafu iliyoganda polepole, utakuta kwamba ukingoni ni nyeupe, karibu na maji matupu, na katikati rangi ya ukwaju imekolea. Sababu yake ni kwamba maji yanapoganda hujipanga safu kwa safu, na katika safu hizo hamna nafasi ya sukari wala ya rangi. Hivyo barafu inayoanza kuganda huisukuma sukari kando, nayo hukimbilia sehemu ambayo bado ni maji. Kadiri ugandaji unavyoendelea, ndivyo maji yaliyobaki yanavyozidi kuwa matamu. Ulitia kikombeni mchanganyiko mmoja, ukatoa michanganyiko mingi.

Kwa mwenye kuuza barafu hasara hiyo ni ndogo. Lakini wako mafundi ambao jambo hilo hilo limewanyima usingizi kwa zaidi ya miaka 60. Hao ni waoteshaji wa fuwele za semikondakta, na katika ukurasa huu napenda tuitazame kazi yao, hasa jinsi walivyoiita sumaku iwasaidie.

Fuwele si neno la kutisha. Punje ya chumvi mezani ni fuwele, na punje ya sukari pia ni fuwele: ni kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu mmoja toka upande hadi upande. Semikondakta nazo ni vitu ambavyo havipitishi umeme kwa wepesi kama shaba, wala haviuzuii kabisa kama mpira. Silikoni iliyomo ndani ya redio na simu yako ni mojawapo. Silikoni ni elementi moja tu, na taabu yake ni nafuu. Taabu kubwa huja pale fundi anapotaka fuwele ya aloi, yaani elementi mbili au tatu zilizoyeyushwa pamoja, ambazo kila moja ina tabia yake mbele ya joto.

ZEBAKI ISIYOTAKA KUKAA SAWA

Tuchukue aloi moja ili tusitangetange. Mwaka 1959 wataalamu wa kituo cha serikali cha utafiti wa rada mjini Malvern, Uingereza, walitangaza kwamba wametengeneza semikondakta mpya kwa kuchanganya zebaki, kadimi na teluri. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba inahisi mionzi ya joto ambayo jicho la binadamu haliwezi kuiona. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi hiyo: ukuta, ng'ombe, injini, wingu, mwili wako mwenyewe unaposoma gazeti hili. Tusifichane, nia ya kwanza ilikuwa ya kijeshi, kumwona adui gizani. Lakini chombo hakijui kimeundiwa nini. Kimbunga Hidaya kilipoijia pwani ya Tanzania na kufika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, setilaiti ya Ulaya iitwayo Meteosat-9, iliyorushwa mwaka 2005, ilikuwa juu ya Bahari ya Hindi ikipiga picha mawingu usiku na mchana kila baada ya dakika 15. Vipokezi vyake vya mionzi ya joto vimetengenezwa kwa aloi hiyo ya zebaki, navyo hupozwa hadi kiasi cha nyuzi 180 chini ya sifuri ili joto lao wenyewe lisiwapumbaze.

Sasa angalia ugumu wake. Kipokezi kitaona mionzi gani hutegemea kiasi cha kadimi kilichomo. Ikiwa katika kila atomu 100 za zebaki na kadimi kwa jumla, kadimi ni 20, basi kipokezi kilichopozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri huona hadi mawimbi yenye urefu wa karibu maikromita 15. Ikiwa kadimi ni 22, mwisho wa uoni wake hurudi nyuma hadi kiasi cha maikromita 11. Atomu mbili tu katika mia, na kipokezi kimekuwa kingine! Picha hufanywa na vipokezi vingi vidogo vinavyokatwa katika bamba moja la fuwele. Kama upande mmoja wa bamba una kadimi 20 na upande wa pili 22, macho ya kushoto na ya kulia hayataona kitu kimoja, na wingu moja litapewa joto mbili tofauti.

Kwa bahati mbaya, aloi hii ni kama kile kikombe cha ukwaju, tena ni mbaya zaidi. Teluri iliyoungana na zebaki huyeyuka kwenye nyuzi 670. Iliyoungana na kadimi huyeyuka kwenye nyuzi 1,092. Unapoipoza aloi iliyoyeyuka, sehemu yenye kadimi nyingi ndiyo inayokimbilia kuganda kwanza. Kipande cha awali kitakuwa na kadimi zaidi ya mara mbili ya ile uliyoitia, na kiowevu kilichobaki kitazidi kuwa cha zebaki. Mwisho wa fuwele hautafanana na mwanzo wake.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Teluri, kadimi na zebaki hupimwa kwa uangalifu mkubwa, hutiwa katika chupa nene ya kwatsi, hewa hutolewa, na mdomo wa chupa huzibwa kwa moto. Chupa husimamishwa ndani ya tanuri lenye joto kali juu na baridi kidogo chini, kisha huteremshwa taratibu mno, chini ya milimita moja kwa saa. Ugandaji huanzia chini na kupanda juu. Fuwele yenye urefu wa shubiri moja huhitaji zaidi ya wiki. Katika muda huo wote mvuke wa zebaki hukandamiza kuta za chupa kutoka ndani, na chupa yenye ufa mdogo inaweza kupasuka na kujaza chumba sumu. Si kazi ya kufanya huku ukipiga soga.

KIOWEVU KINACHOTEMBEA

Mtu atauliza: ikiwa kadimi inatangulia kuganda, kuna dawa gani? Si ndiyo tabia yake? Naam, ni tabia yake, lakini kuna njia ya kuishi nayo.

Fikiria kiowevu kilichotulia tuli kabisa. Fuwele inapoanza kuganda huinyakua kadimi iliyo karibu nayo. Mara mbele yake hufanyika tabaka jembamba la kiowevu maskini, lisilo na kadimi nyingi. Kadimi nyingine italazimika kuja kutoka mbali, chembe kwa chembe, na kwa kuwa haina wa kuibeba itakuja polepole. Baada ya muda hufikiwa mapatano: kadimi inayonyakuliwa na fuwele huwa sawa na ile inayoletwa. Toka hapo fuwele hutoka na kadimi ile ile iliyomo katika kiowevu cha asili, nayo huendelea hivyo safari nzima hadi karibu na mwisho. Mwanzo utautupa, mwisho utautupa, lakini katikati utapata fuwele sawia.

Sharti ni moja tu, kwamba kiowevu kisikorogwe. Kikikorogwa, lile tabaka maskini husombwa na kuchanganywa na kiowevu chote. Mapatano hayafikiwi, na kila milimita ya fuwele inatofautiana na iliyotangulia.

Nani anayekoroga? Hakuna mwiko ndani ya chupa. Mkorogaji ni joto lenyewe. Tazama sufuria ya maji jikoni kabla hayajachemka: yaliyo karibu na moto hupata joto, huwa mepesi, hupanda, yaliyo juu hupoa, huwa mazito, hushuka. Mzunguko huo wataalamu wa fizikia huuita myuko. Katika tanuri lolote ukuta hauna joto sawa na kitovu, kwa hiyo kiowevu hakikosi sababu ya kutembea. Mbaya zaidi, mara nyingine mwendo huo si wa utulivu bali hupigapiga kama moyo. Joto hupanda na kushuka kila baada ya sekunde chache, ugandaji huongeza kasi na kuipunguza, na fuwele huandikwa mistari myembamba mmoja baada ya mwingine, mfano wa pete zinazoonyesha umri wa mti uliokatwa.

Huwezi kutia mkono katika chupa iliyozibwa ukakituliza kiowevu. Huwezi kutia chombo chochote, maana chombo kitachafua aloi. Ilitakiwa breki isiyogusa.

KISAHANI CHA MITA

Breki hiyo, ndugu msomaji, ilikuwamo nyumbani mwako kwa muda mrefu. Kabla ya mita za kununua umeme kwa namba, kila nyumba yenye umeme ilikuwa na mita yenye kioo, na ndani ya kioo kisahani chembamba cha alumini kilichozunguka. Watoto walipenda kukitazama. Baba alipenda kukiona kinakwenda taratibu. Kando ya kisahani hicho ilifungwa sumaku. Alumini haivutwi na sumaku, unaweza kujaribu kwa sufuria yako. Sumaku ile ilikuwa na kazi gani basi?

Ilikuwa breki. Kitu chochote kinachopitisha umeme kikipita mbele ya sumaku, mikondo midogo ya umeme huzaliwa ndani yake. Na mkondo wa umeme ukiwa ndani ya uga wa sumaku husukumwa, na msukumo huo siku zote huupinga mwendo uliouzaa. Kisahani kikikimbia sana, hupingwa sana. Kikienda polepole, hupingwa kidogo. Kikisimama, breki hutoweka yenyewe. Bila ya sumaku ile kisahani kingezunguka ovyo, na bili ya mwezi ingemtoa mtu machozi.

Badala ya kisahani cha alumini sasa weka silikoni iliyoyeyuka, au aloi iliyoyeyuka. Nayo hupitisha umeme, na myuko ukiianza safari yake mbele ya sumaku, utaipata breki ile ile. Sumaku haiipozi aloi wala haiipashi joto. Haibadili chembe hata moja. Huzuia mwendo tu, tena kwa nguvu inayokua upesi: ukiongeza uga wa sumaku mara mbili, breki huongezeka mara nne.

Wazo la vimiminika na sumaku lilikuwa na umri mkubwa. Michael Faraday, yule aliyegundua mwaka 1831 jinsi sumaku inavyozaa umeme, alijaribu mwaka uliofuata kupima umeme katika mto Thames penye daraja la Waterloo mjini London. Aliamini kwamba maji yanayotiririka ndani ya uga wa sumaku ya dunia lazima yazae umeme. Hakupata kitu cha kuaminika, kwa sababu uga wa dunia ni hafifu mno kwa vipimo vya siku zile. Hoja yake ilikuwa sahihi hata hivyo. Mwaka 1937 Julius Hartmann wa Denmark alipitisha zebaki katika mifereji myembamba kati ya ncha za sumaku kubwa, akapima jinsi sumaku inavyoibana. Hadi leo kipimo cha nguvu ya breki hii huitwa namba ya Hartmann. Wala hakuwa akifikiria fuwele.

Waliofikiria fuwele walitokea mwaka 1966, wawili wawili, pande mbili za bahari ya Atlantiki. Nchini Marekani, H. P. Utech na M. C. Flemings wa chuo cha MIT, na huko Malvern, H. A. Chedzey na D. T. J. Hurle, walitangaza katika mwaka huo huo matokeo yanayofanana. Wote walitumia semikondakta iliyotengenezwa kwa indi na antimoni, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 527 tu na hupitisha umeme vizuri inapokuwa kiowevu. Bila ya sumaku, joto la kiowevu lilipigapiga na fuwele ikatoka na mistari. Sumaku ilipowashwa, mapigo yalikoma. Fuwele ilipokatwa, mistari ilikuwa imetoweka. Kila nikisoma habari hiyo hunijia ile picha ya mtu anayeweka kiganja juu ya ngoma inayotetemeka.

NUSU DOZI

Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo habari imekwisha: nunua sumaku, funga tanurini, uza fuwele. Aloi haikukubali kirahisi hivyo.

Kwanza, aloi ya zebaki inapoyeyuka haipitishi umeme vizuri kama ile ya indi. Breki yake ni dhaifu, na sumaku ya kawaida haiishiki. Ilibidi zitafutwe sumaku za waya usiokuwa na ukinzani wa umeme, unaopozwa kwa heli hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Katika kituo cha Marshall cha shirika la anga la Marekani, mjini Huntsville katika jimbo la Alabama, Dale Watring na Sandor Lehoczky waliotesha aloi hiyo ndani ya sumaku ya namna hiyo yenye nguvu ya tesla 5, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1996. Ili upate kipimo, uga wa dunia, ule unaogeuza dira ya nahodha, ni kati ya 0.000025 na 0.000065 za tesla. Mashine za hospitali zinazopiga picha ndani ya mwili kwa sumaku mara nyingi zina tesla 1.5 au 3. Basi hili tanuri lilikuwa katikati ya sumaku yenye nguvu kupita ya hospitali, huku moto wa zaidi ya nyuzi 700 na baridi ya heli vikitenganishwa na kuta chache tu. Fuwele iliyopatikana ilikuwa bora: tofauti kati ya kitovu na ukingo zilipungua.

Pili, na hapa ndipo penye fundisho ambalo wengi hawakulitegemea, breki ya nusu inaweza kudhuru kuliko kukosa breki. Chupa ina pande mbili za kuangalia, chini hadi juu, na kitovu hadi ukingo. Kiowevu kinapokorogwa sana, angalau huwa kimechanganyika vizuri toka kitovu hadi ukingo, ingawa chini na juu hakulingani. Kinapotulia kabisa, huwa sawa pande zote mbili. Lakini kinapokorogwa kidogo, zebaki nyingi hupata nafasi ya kusogezwa upande mmoja bila ya kupata nafasi ya kuchanganywa tena na kiowevu chote. Katika aloi hii mpaka wa kuganda hujipinda kama bakuli, na kiowevu chenye zebaki nyingi, kwa kuwa ni kizito, huteremka na kutuama katika kina cha bakuli. Kitovu kinanenepa zebaki, ukingo unanenepa kadimi. Mwenye sumaku ndogo aliyetaka kupunguza gharama huishia na fuwele mbaya kuliko jirani yake asiyekuwa na sumaku. Ni kama mgonjwa anayekatiza dozi siku ya tatu kwa kuwa homa imeshuka.

Kuna na la tatu. Mpaka kati ya fuwele ngumu na kiowevu chake, ukiwa na joto lisilo sawa hapa na pale, huzaa mikondo ya umeme wenyewe, bila ya mwendo wowote. Mikondo hiyo ikikutana na sumaku husukumwa, nayo huanzisha mwendo mpya ambao haukuwapo. Yaani mlinzi uliyemwajiri kutuliza fujo anaanzisha fujo yake. Katika miaka ya 1990 wataalamu, wakiwamo Wafaransa wa Grenoble, waliuchunguza sana mkasa huo. Kwa hiyo kuongeza sumaku bila ya hesabu nako si dawa.

JE, ILIKUWA LAZIMA KWENDA ANGANI?

Wakati mabishano haya yakiendelea, wengine walisema: kwa nini tuhangaike? Myuko hutokea kwa sababu kiowevu kizito huvutwa chini na chepesi hupanda. Mahali pasipo na uzito, hakuna kizito wala chepesi. Twendeni angani.

Na walikwenda. Katika kituo cha anga cha Skylab, kilichokaliwa na Wamarekani mwaka 1973 na 1974, Harry Gatos na August Witt wa MIT walipelekewa huko fuwele ya indi na antimoni iliyooteshwa duniani. Nusu yake iliyeyushwa na kuoteshwa upya angani. Ilipokatwa iliporejea, sehemu ya duniani ilikuwa na mistari, na ya angani haikuwa nayo. Ushahidi haukuweza kuwa wazi zaidi ya huo, fuwele moja yenye nusu mbili.

Miaka 20 baadaye ikaja zamu ya aloi ya zebaki. Chombo Columbia kilipaa tarehe 4 Machi 1994 kikiwa na tanuri la kujiendesha lenyewe, na Lehoczky ndiye aliyeongoza jaribio hilo. Safari ilichukua siku 14. Pengine ulidhani kwamba huko mambo yalikuwa shwari kabisa. La. Chombo kinapozunguka dunia husuguliwa na hewa chache iliyobaki huko juu, na uzito uliosalia, ambao ni kama sehemu moja ya milioni ya uzito wetu, bado huvuta upande fulani. Chombo kiligeuzwa mikao mbalimbali wakati fuwele ikiota, na mikao hiyo ilionekana baadaye katika mchanganyiko wa fuwele. Aloi ile ilihisi upande uliovutwa na nguvu ambayo mwanaanga mwenyewe asingeihisi.

Kwa maoni yangu safari zile hazikuwa bure, maana zilionyesha hali ya utulivu inafananaje, na bila ya kuuona utulivu huwezi kujua sumaku yako imefika wapi. Lakini kiwanda hakiwezi kupanda roketi kila mwezi. Sumaku hubaki kiwandani. Kuna waliopendekeza vitumike vyote viwili, sumaku ndani ya chombo cha angani, ambako breki kidogo ingetosha kumaliza mwendo uliobaki. Na kuna waliogeuza hoja juu chini. Katika chuo kikuu cha Freiburg, Ujerumani, badala ya kuukomesha mwendo walitumia sumaku inayozunguka ili kiowevu cha jemani na silikoni kizunguke taratibu, kwa mpigo mmoja usiobadilika. Hoja yao ni nyepesi: mwendo unaoujua na kuutawala si adui kama ule unaojipigia utakavyo.

Aliyefaidi zaidi kibiashara hakuwa aloi hata kidogo. Mwaka 1980 wataalamu wa kampuni ya Sony ya Japani walitangaza kwamba wameotesha silikoni ndani ya uga wa sumaku. Silikoni huyeyushwa katika chungu cha kwatsi kwenye nyuzi 1,414, na joto hilo huula ukuta wa chungu na kuachia oksijeni. Myuko huibeba oksijeni hadi kwenye fuwele. Sumaku ilipoutuliza myuko, oksijeni ilipungua na kutawanyika vizuri. Silikoni iliyoyeyuka hupitisha umeme kama madini, hivyo haihitaji tesla 5. Sehemu chache za kumi za tesla zinatosha. Siku hizi magogo makubwa ya silikoni, yale yenye upana wa milimita 300 ambayo hukatwa mabamba ya kutengenezea vijenzi vya kompyuta na simu, mara nyingi huvutwa kutoka katika vyungu vilivyozungushiwa sumaku.

Na ile aloi ya zebaki? Vipokezi vyake vingi havikatwi tena katika fuwele nene iliyogandishwa chupani. Mafundi walipochoshwa na bakuli la zebaki waligeukia njia nyingine, kuotesha tabaka jembamba la aloi juu ya bamba la fuwele nyingine inayolipa mpangilio wake. Tabaka la maikromita chache ni rahisi zaidi kulilinganisha kuliko gogo la shubiri. Lakini bamba hilo la chini linatokana na nini? Ni kadimi, zinki na teluri, aloi ya vitu vitatu, nayo huoteshwa kwa kuyeyushwa tanurini na kugandishwa polepole. Zinki yake ikiwa si sawia, tabaka la juu halitakaa vizuri. Na zinki, kama kadimi iliyomtangulia, hukimbilia kuganda kwanza, ikikiacha kiowevu kikipungukiwa hadi mwisho wa chupa.